Ovaloki inakusumbua: irekebishwe au ibadilishwe?

Ovaloki, mashine inayokata na kufunga ukingo wa kitambaa usitoe nyuzi, haina bobini, ile gurudumu dogo la uzi wa chini la cherehani. Ina sindano moja au mbili, na chini yake kwa kawaida kuna lupa mbili, yaani vile vyuma vilivyopinda vyenye tundu nchani, vinavyobeba uzi na kuuzungusha kwenye ukingo wa kitambaa. Mbele ya sindano kuna visu viwili vinavyokata kitambaa kabla hakijafika kwenye mshono. Chini ya mguu kuna meno ya kusukuma kitambaa. Sindano, lupa, visu na meno: karibu kila dalili utakayoisoma hapa inaanzia kwenye kimojawapo.

Kuna kasoro zinazoondoka kwa kugeuza kitufe au kubadilisha sindano ya bei ndogo, na kuna nyingine zisizoondoka hata ukiita mafundi watatu, kwa sababu mashine haikutengenezwa kwa kazi unayoipa. Anayetafuta ovaloki ya kununua naye asome dalili hizi, kwa maana hizo ndizo atakazoishi nazo akichagua vibaya.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote

Badilisha sindano, kisha toa nyuzi zote na uzipitishe upya kuanzia kwenye koni za uzi. Fagia vumbi la kitambaa kwenye meno na chini ya lupa kwa brashi, halafu jaribu kwenye kipande cha kitambaa kilekile unachotaka kukishona, si cha aina nyingine. Matatizo mengi yanaishia hapo.

Sindano za ovaloki hazifanani. Brother 1034D na nyingi za nyumbani hutumia sindano ya kawaida ya cherehani, 130/705H, ambayo shina lake ni bapa upande mmoja. Za kiwandani, kama familia ya Juki MO-6700, hutumia DC×27, ambayo shina lake ni la duara. Zipo za nyumbani zinazotaka ELx705. Sindano isiyo yake inaweza kuingia vizuri na kukazwa vizuri, halafu ikapishana na lupa kwa nafasi ndogo isiyoonekana kwa jicho, na kutwa nzima ukabaki kulaumu tensheni, yaani mkazo wa uzi. Soma namba kwenye kibao cha mashine au kitabu chake, usimwachie muuza duka akukisie. Ukiweka sindano ya shina la duara, mfereji mrefu uelekee kwako na lile bonde fupi lililo juu ya tundu lielekee nyuma. Isukume mpaka igote ndipo ukaze.

Inakata uzi

Angalia kwanza ni uzi upi unaokatika.

Uzi wa lupa ya chini ukikatika mara tu unapoanza kushona, ukaunga, ukakatika tena palepale, acha tensheni ilivyo. Aliyepitisha uzi alianza na sindano akamalizia na lupa, au uzi wa lupa ulikatika katikati ya kazi akaurudisha bila kutoa wa sindano. Uzi wa sindano unakuwa umekaa juu ya lupa ya chini na kuubana uzi mpya, na mzunguko wa kwanza tu unaukata. Dawa yake:

1. Inua mguu, na utoe nyuzi zote kwenye matundu ya sindano.
2. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka lupa zijitenge, kisha ondoa kipande chochote cha uzi kilichonasa.
3. Pitisha uzi wa lupa ya juu, halafu wa lupa ya chini. Mkia wa kila mmoja uache sentimita 10 hivi juu ya sahani ya sindano, chini ya mguu.
4. Pitisha sindano ya kulia, ya kushoto iwe ya mwisho.
5. Zungusha gurudumu kwa mkono mara tatu nne na uangalie mnyororo wa nyuzi ukianza kujisuka. Ndipo ukanyage pedali.

Kwenye mashine nyingi za nyumbani, kupitisha uzi huku mguu umeshuka ni kosa jingine linalojirudia. Mguu ukiwa chini, visahani vya tensheni vimefumba, na uzi unapita juu yake badala ya kati yake. Mashine itashona, lakini uzi huo utakuwa hauna mkazo kabisa.

Uzi wa sindano ukikatika, shuku sindano butu, tensheni iliyokazwa mno au uzi mbovu. Chukua urefu wa mkono kutoka kwenye koni, uvute kwa mikono miwili: ukiachia kwa wepesi kama pamba ya kusokota, koni hiyo haifai kwa ovaloki hata kama ilikuwa ya bei nzuri. Angalia pia mlingoti wa nyuzi ulio nyuma ya mashine. Usipovutwa mpaka juu kabisa, uzi hutoka kwenye koni kwa mshtuko badala ya kutiririka.

Uzi wa lupa ya juu au ya chini ukikatika ovyo, bila mpangilio, huku mpangilio wa nyuzi ni sahihi, papasa lupa yenyewe kwa ncha ya ukucha. Sindano iliyowahi kuvunjika huacha mchubuko kwenye chuma, na mchubuko huo unasaga uzi. Mdogo husuguliwa kwa msasa laini, namba 1000 kwenda juu, mpaka uzi upite bila kukwama. Lupa iliyopinda au kukatika ncha haina matengenezo, ibadilishwe.

Kwa mashine ya kiwandani iliyofungwa mota nyingine hivi karibuni, tazama mshale kwenye kifuniko cha mkanda. Ovaloki nyingi za kiwandani huzunguka kinyume na cherehani ya kushona mstari, kwa hiyo mota iliyohamishwa kutoka kwenye cherehani hiyo inaweza kuipeleka kinyumenyume. Mnyororo hausukwi na nyuzi zinakatika, wakati mashine haina kosa lolote.

Inaruka

Mshono unaoacha mapengo kwenye tisheti lakini unakaa vizuri kwenye kitenge unaonyesha sindano yenye ncha kali. Kitambaa kinachovutika kinataka ncha ya mviringo, inayosukuma nyuzi pembeni badala ya kuzitoboa. Namba 75/11 inatosha tisheti na vitambaa vyepesi, 90/14 kwa kadeti, kitenge kizito na sweta.

Ikiruka kwenye kila kitambaa hata baada ya sindano mpya ya namba sahihi, lupa imehama. Ncha ya lupa ya chini inatakiwa ipite nyuma ya sindano, kwenye lile bonde, karibu kugusa lakini bila kuisukuma. Hiyo ni kazi ya fundi wa mashine mwenye uzoefu wa ovaloki, si ya cherehani tu. Kulegeza skrubu ya lupa kwa kubahatisha huzaa matatizo mawili mahali pa moja.

Ikiruka pale tu unapovuka mishono minene ya jinzi au mfuko wa suruali, hapo si suala la marekebisho. Ovaloki ya nyumbani ina mguu usioinuka sana na fremu nyepesi, na sindano yake inapinda kidogo inapokutana na tabaka nne za denimu. Ikipinda, lupa inaikosa, au inaigonga na kuivunja. Anayeshona jinzi na makoti kila siku anunue ya kiwandani. Anayeshona jinzi moja kwa mwezi apunguze mwendo, auvuke mshono mnene kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, na aendelee na aliyo nayo.

Mshono umelegea au umevuta upande

Weka uzi wa rangi tofauti kwenye kila njia, ushone kipande cha sentimita 20, ukigeuze. Bila rangi unabahatisha.

Mshono uliokaa sawa una uzi wa lupa ya juu upande wa juu na wa lupa ya chini upande wa chini, na nyuzi hizo mbili zinakutana pale ukingoni. Rangi ya lupa ya chini ikipanda juu, tensheni ya lupa ya juu imekazwa mno au ya chini imelegea. Rangi ya lupa ya juu ikishukia chini, ni kinyume chake. Legeza kilichokaza kabla hujakaza kilicholegea, na usogeze kitufe nusu namba kwa mara moja.

Ukizivuta pande mbili za mshono na nyuzi za sindano zikaonekana kama ngazi, tensheni ya sindano imelegea. Mshono ukikakamaa kwa urefu, au uzi ukakatika unapovuta kitambaa, tensheni ya sindano imekaza.

Kuna hali inayowachanganya wengi: vitanzi vinaning'inia nje ya ukingo, au ukingo umejikunja ndani ya mshono. Mara nyingi hiyo si tensheni bali ni upana wa kukata. Kisu kikikata karibu mno na sindano, vitanzi vinakosa kitambaa cha kukumbatia. Kikikata mbali, kitambaa cha ziada kinakunjwa. Sogeza kisu kwanza.

Shingo ya tisheti imejaa mawimbi, shifoni imekunjamana

Hapa ndipo uchaguzi wa mashine unapoonekana wazi kuliko mahali popote.

Ovaloki nzuri ina seti mbili za meno, ya mbele na ya nyuma, na kuna kitufe cha kutofautisha mwendo wake. Kikiwa kwenye 1, seti zote zinakwenda sawa. Kitambaa kinachovutika kikitoka na mawimbi, panda hadi 1.3 au 1.5, na kwa ribu au sweta hadi 2: meno ya mbele yanaingiza kitambaa kwa wingi kuliko ya nyuma yanavyokitoa, hivyo hakipati nafasi ya kunyooka. Kitambaa chepesi kama shifoni kikikunjamana, shuka hadi 0.7 au 0.8, meno ya nyuma yakivute kidogo. Ukipandisha hadi 2 kwenye kitambaa chepesi cha pamba kisichovutika, kitajikusanya chenyewe kama marinda madogo, na wapo wanaotumia hilo makusudi kwenye mikono ya gauni la mtoto.

Sasa ile ovaloki ndogo nyeusi ya nyuzi tatu ya aina ya GN1-1, inayouzwa kwa majina mengi na iliyoenea kwenye vibanda vya mafundi. Ni imara, vipuri vyake ni rahisi, na kwa kitenge, kadeti na tetroni haina shida. Lakini kwa kawaida haina mwendo huo wa meno mawili. Unaweza kupunguza mkandamizo wa mguu, unaweza kusukuma kitambaa kwa vidole nyuma ya mguu, na mawimbi yatapungua bila kuisha. Kama riziki yako ni tisheti, jezi na suti za mazoezi, usiipigie hesabu mashine isiyo na kitufe hicho, kwa bei yoyote.

Kisu kinatafuna badala ya kukata

Jaribu kwa kipande cha shifoni huku unazungusha gurudumu kwa mkono. Kisu kizima hukata safi, butu hukunja kitambaa na kukiingiza chini ya mguu kikiwa na nyuzi zilizochomoza. Kisu cha juu kinacheza, cha chini kimetulia, na kwenye mashine nyingi cha juu ni cha chuma kigumu zaidi, kwa hiyo cha chini ndicho huisha kwanza. Ukikirudisha baada ya kukinoa, makali yake yalingane na usawa wa sahani ya sindano, na kisu cha juu kinaposhuka kipite chini ya makali hayo kwa nusu milimita hadi milimita moja. Kikishuka zaidi, visu vinasagana.

Pini ndiyo adui mkubwa wa kisu. Ukibana kitambaa kwa pini, zitoe kabla hazijafika kwenye mguu, au tumia vibanio. Pini moja ikipita hapo, kisu kinapata pengo, na pengo hilo litaonekana kwenye kila nguo mpaka kibadilishwe.

Pindo la mtandio halijiviringishi

Mitandio, shela na vitambaa vya harusi vinataka lile pindo jembamba lililoviringishwa, lisilozidi milimita mbili. Kwenye ovaloki ya nyumbani ondoa sindano ya kushoto, rudisha nyuma au toa ule ulimi mdogo wa chuma ambao vitanzi hujifunga juu yake, punguza urefu wa mshono hadi kati ya 1 na 1.5, legeza kidogo tensheni ya lupa ya juu, kisha ukaze ya lupa ya chini hadi uzi wake uwe mstari ulionyooka upande wa chini. Uzi huo wa chini ndio unaouvuta uzi wa juu kulizunguka pindo. Uzi wa nailoni wenye manyoya kwenye lupa ya juu hufunika ukingo vizuri zaidi, hasa kwenye kitambaa cheusi cha baibui kinachotoa nyuzi.

Kama pindo linabaki bapa hata ukikaza vipi, ulimi bado upo. Kwenye mashine nyingi za kiwandani ulimi ni sehemu ya sahani, hivyo hautoki; itabidi kubadilisha sahani na mguu, au kununua mashine iliyoundwa kwa pindo hilo. Fundi wa mabaibui na mitandio ahakikishe jambo hili kabla ya kulipa, na atake kuliona likifanyika mbele yake.

Mshono unaachia mwilini mwa mteja

Idadi ya nyuzi ndiyo jibu.

Nyuzi tatu, ambazo viwanda huziandika 504, zinazuia ukingo usitoe nyuzi. Kwa kitambaa kisichovutika, hazitoshi kubeba mshono wa ubavu wa suruali peke yake. Unashona mstari kwa cherehani ya kawaida, ovaloki inapita ukingoni. Nyuzi nne, 514, zina sindano mbili: mshono unashikilia na bado unavutika. Hizo ndizo za tisheti na jezi. Nyuzi tano, 516, zinapiga mshono wa mnyororo na ovaloki kwa mpigo mmoja, na kiwanda cha sare za shule au mashati hakiwezi kufanya kazi kwa kasi bila hizo.

Ila fundi wa mtaani anayepokea vipimo vya mteja mmoja mmoja asikimbilie nyuzi tano. Mteja wake anategemea nguo iachiwe akiba ya kutanua, sentimita mbili au zaidi kila upande, na mashine ya nyuzi tano inakata akiba hiyo huku inashona. Gauni likibana baada ya miezi sita hakuna cha kufungulia. Kwake nyuzi tatu zinazopita kwenye kila ukingo peke yake, kabla ya kuunganisha, ni bora kuliko mashine ya bei mara mbili.

Na wale wanaotafuta ile mistari miwili iliyo chini ya pindo la tisheti ya dukani: haitoki kwenye ovaloki ya nyuzi tatu, nne wala tano. Ni kazi ya mashine nyingine, ambayo mafundi huiita flatloki. Zipo za nyumbani zinazounganisha zote mbili, lakini kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine kunachukua muda wa kubadilisha nyuzi na sehemu, na katikati ya oda ya tisheti mia moja hutaupenda.

Uzi unaisha kabla ya wiki

Huenda hakuna kasoro. Mshono wa kawaida wa cherehani unakula takriban mita 2.5 za uzi kwa kila mita ya nguo. Ovaloki ya nyuzi tatu inakula kama 14, ya nne kama 18, ya tano kama 20. Gauni lenye mita 10 za kingo, kwa nyuzi tatu, linamaliza mita 140, na kati ya hizo mita 28 tu ndizo za sindano. Zilizobaki zinaliwa na lupa. Kwa hiyo koni mpya ziweke kwenye lupa, zilizobaki nusu ziweke kwenye sindano. Na kama huna koni nne za rangi ileile, uzi wa sindano ndio unaoonekana nje ya nguo. Lupa zinaweza kubaki kijivu au rangi inayokaribiana.

Mota inanuka, umeme unakwenda

Soma volti kwenye kibao. Mashine inayotumwa na ndugu kutoka Marekani ni ya volti 120 (Brother 1034D ya soko la huko ni mojawapo), na mtumba wa Japani ni wa volti 100. Huku umeme ni volti 230 au 240. Ukichomeka moja kwa moja unaunguza mota kwa sekunde chache. Transfoma ya kushusha umeme inahitajika, yenye wati angalau mara mbili ya zilizoandikwa kwenye mashine, na ya Japani ipewe transfoma ya volti 100, si 120. Ya kiwandani iliyotumika nayo iangaliwe: nyingine zina mota ya fezi tatu, volti 380, ambayo haiwaki kwenye umeme wa kawaida wa nyumba.

Mota ya klachi inazunguka muda wote ikiwa imewashwa, hata mikono yako ikiwa inakata kitambaa. Mota ya savo inatumia umeme unapokanyaga tu, na unaweza kuishusha mwendo kwa anayejifunza. Kwa anayenunua yuniti za LUKU au anayetegemea jenereta, tofauti ya bei inarudi.

Ya nyumbani ikipata moto baada ya saa mbili za kazi mfululizo, inakuambia ukweli. Inashona mishono 1,300 hivi kwa dakika, ya kiwandani inafika 7,000 ikiwa na mafuta yanayozunguka ndani. Ya kiwandani hiyo kagua kidirisha cha mafuta kila asubuhi, kiwango kiwe kati ya mistari miwili. Ile ndogo nyeusi haina hifadhi ya mafuta: tia tone moja moja kwenye matundu yake kila siku kabla ya kuanza, mafuta meupe ya cherehani, kamwe si ya kupikia wala ya gari.

Ukiwa dukani

Nenda na vipande vyako: kitenge, tisheti, shifoni, na denimu iliyokunjwa mara nne. Mwombe muuzaji atoe nyuzi zote, wewe uzipitishe. Kama imekuchukua nusu saa ukiwa umetulia, fikiria itakuwaje siku ya oda. Shona mnyororo mtupu wa sentimita 10 bila kitambaa. Ukisukika sawasawa, lupa ziko mahali pake. Zungusha gurudumu kwa mkono na ushike mhimili wa sindano: ukicheza kushoto na kulia, mashine imechakaa. Kisha mwambie akuwekee mezani kisu cha chini na lupa ya chini vya modeli hiyohiyo. Asipokuwa navyo, na maduka mawili ya jirani nayo hayana, chukua modeli nyingine, hata kama hii imeshona vizuri vipande vyote vinne.